Jaji Dalgarno na Gongo Lisilo na Jina

Imepokewa kwa wazee wa Uskochi kwamba palikuwa na jaji mcha Mungu, Ninian Dalgarno, Mungu amrehemu. Siku tano za juma aliketi mahakamani. Jumamosi alivaa nguo nyeupe akacheza kriketi pamoja na wachonga mawe na waoka mikate, wala hakujiona mkubwa kwao.

Ikatokea kesi. Tajiri mmoja, Bwana Moncur, alikuwa ameifunga njia ya kwendea kisimani, na mjane Elspeth akamshtaki. Wiki moja kabla ya hukumu, jaji akakuta mlangoni pake gongo jipya la kriketi, zuri ajabu, bila jina la aliyelileta.

Akamdhania Moncur. Tangu hapo kila alilofanya tajiri yule lilimtia shaka: akimwamkia, ni hila, akinyamaza, ni hila, akimpigia makofi uwanjani, ni hila kubwa zaidi. Hata kanisani jaji alisali huku akimwangalia kwa jicho la pembeni. Mwishowe akaandika hukumu ya kumpa mjane ushindi.

Mkewe, Bibi Marjory, akamwuliza, "Hati za ile njia umezisoma?"

Jaji akajibu, "Bado."

"Basi umelihukumu gongo, mume wangu. Njia hujaihukumu."

Maneno yale yakamchoma. Akaichana karatasi, na siku ya kesi akasimama mbele ya hadhara.

"Nimeletewa zawadi, na aliyeileta simjui. Nimemdhania Bwana Moncur bila ushahidi, na moyo wangu umeegemea upande mmoja. Sistahili kuamua shauri hili."

Watu wakanong'ona kwamba amehongwa, anatafuta pa kutokea. Wachezaji wenzake wakaacha kumwita uwanjani. Akasubiri majira yote ya joto bila kujitetea.

Jaji mwingine akazisoma hati, akampa mjane haki yake. Kisha ikaja barua: rafiki wa Dalgarno wa tangu ujana, aliyehamia mbali, akiuliza kama gongo alilomtumia limemfaa.

Dalgarno akaenda kwa Moncur kumwomba radhi.

"Ungenihukumu wewe," akasema Moncur, "ningekufa nikiamini nimeshindwa kwa chuki yako. Sasa najua nimeshindwa kwa haki."

Zingatieni, ndugu zangu: hukumu aliyoichana ilikuwa sahihi. Alichomwogopea Mola wake ni jinsi alivyoifikia.