Bakuli Lililorudi na Maji

Kabla hujafunga mkanda na kuwasha gari, keti kidogo usome hii. Ukimaliza, mpelekee yeyote mwenye safari mbele yake, hasa yule ambaye akishapanga jambo lake haambiliki.

Alikuwapo mzee mmoja wa Kipemba, Mzee Faki, aliyehamia Uingereza ujanani akaendesha mabasi huko mpaka akastaafu. Mtu mwema, mcheshi, lakini kwa ubishi, we acha tu! Huyu nusura ampoteze mkewe kwa sababu ya kubishania mahali pa kulala.

Mkewe, Bi Mize, alikuwa amepasuliwa moyo. Siku ya upasuaji Mzee Faki alikaa kwenye korido ya hospitali, kofia mkononi, akamwambia Mola wake: "Nirudishie huyu mwanamke, nami nitampeleka kwenye jua akapumzike mpaka achoke kupumzika." Mola akamrudishia. Mzee naye hakusahau. Alinunua gari-nyumba, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, akatangaza safari: wataikata Ufaransa, waishuke Uhispania yote mpaka pwani ya kusini, kisha waingie Ureno.

Daktari alikuwa amesema maneno machache tu. "Apate utulivu. Asishtuliwe."

Mzee Faki aliyabeba maneno hayo kichwani msimu mzima wa baridi. Kila jioni alikuwa mezani na simu yake, anatazama picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, anachagua mahali pa kulala kwa kila usiku. Masharti yake yalikuwa hayabadiliki: pawe tambarare, pawe kimya, pasiwe na watu. Watu ndio kelele, na kelele ndiyo mishtuko.

"Na jirani je?" Bi Mize alimuuliza.

"Jirani wa nini, Mama Khatibu? Tunakwenda kulala, hatuendi kuoza binti."

Lakini Bi Mize alilelewa Wete, na mtu haachi malezi yake forodhani. Kila walipoegesha, kabla hata hajavua viatu, alikuwa jikoni. Akikaanga kaimati zake za unga na shira, akizitia kwenye bakuli lake la kauri lenye maua ya buluu, akienda kumgongea jirani yeyote aliyekuwa karibu. Kwao hiyo ndiyo hodi ya mgeni. Na bakuli la mtu halirudishwi tupu. Ukishakula cha mwenzio, unamrudishia na chako, hata kikiwa ndimu mbili.

Kule Ufaransa mama mmoja alilirudisha limejaa matunda ya cheri. Kaskazini ya Uhispania, Mholanzi mmoja alilirudisha limeoshwa likang'aa, halina kitu ndani. Mzee Faki alicheka kutwa nzima.

"Umeona wazungu wako? Kaimati wamekula, wamekurudishia usafi!"

"Cheka tu. Mimi nimetimiza la kwangu," alijibu Bi Mize.

Basi wakashuka, wakashuka, mpaka wakafika pwani ya kusini, mahali ambapo Mzee Faki alikuwa amepasubiri safari nzima. Ndipo alipokuwa amepaita, tangu mezani kule Uingereza, kulala kwa kifalme. Palikuwa na uwanda mpana wa mchanga mgumu kati ya vilima viwili, bahari mbele, hakuna gari, hakuna nyumba isipokuwa moja nyeupe juu ya kilima. Hata simu haikushika mtandao.

"Ala! Hapa ndipo," alisema, akazima gari. Akaweka kikombe cha chai mezani kupima kama gari limekaa sawa. Chai haikuinama upande wowote. Mzee akatabasamu.

Akatoka nje kujinyoosha. Juu kwenye kibaraza cha ile nyumba nyeupe alisimama bibi kizee aliyevaa nguo nyeusi. Alikuwa anapunga mkono, na akipunga kwa nguvu, mkono wote mpaka begani. Mzee Faki akafurahi, naye akampungia mkono wote mpaka begani.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Watu wa huku wana adabu, wanasalimia kwa mbali. Leo pumzika, salamu nimeshatoa kwa niaba yako."

Bi Mize alikuwa anatazama kwingine. Kando ya uwanda ule palikuwa na mti mkavu, na kwenye matawi yake, juu kuliko kichwa cha mtu, palikuwa pamenasa majani na matete yaliyokauka.

"Nani kayapandisha majani yale kule juu?"

"Upepo, mke wangu. Upepo wa bahari."

Bi Mize aliingia jikoni. Alikaanga kaimati zake, akachukua bakuli, akaanza kukipanda kilima taratibu, akipumzika kila alipochoka. Mzee Faki alimtazama kwa hasira na huruma pamoja. Amempa mapumziko, mwenyewe anatafuta majirani mlimani!

Alirudi akitweta, mikono mitupu.

"Mkarimu yule bibi," alisema. "Ana mtini umejaa tini, ana mizabibu. Kanishika mkono hataki kuniachia, anaongea, anaongea. Nadhani alitaka tukale kwake. Nikamwonesha kwa ishara kwamba mume wangu ananisubiri."

"Na bakuli?"

"Litakuja."

Alasiri ilikuwa njema pale chini, jua linawaka, mbingu ya buluu. Lakini kule nyuma, juu ya milima ya mbali, kulikuwa kweusi. Mzee Faki alikuona kweusi kule akafurahi kwamba kuko mbali.

Haukupita muda mrefu, yule bibi akaonekana anashuka kilima. Alikuwa anashuka kwa taabu, amelishika bakuli kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Bi Mize alisimama mlangoni anamngoja, uso umechangamka. Alishasema moyoni kuwa zile ni tini.

Bibi akafika. Hakusalimu. Akamwonesha Bi Mize bakuli. Ndani yake mlikuwa na maji matupu. Kisha, mbele ya macho yao, akayamwaga yote kwenye mchanga, pale pale mlangoni mwa gari.

Lo! Bi Mize alihisi uso unamwaka. Mzee Faki aliruka kutoka kitini.

"Nini hiki? Umempelekea kaimati, anakuletea maji! Tena anakumwagia mlangoni! Mama Khatibu, huku ni kufukuzwa, kama si uchawi!"

Bibi alikuwa anasema kwa haraka, kwa lugha yake. Akaonesha ile milima myeusi. Akaonesha mchanga. Akaweka kiganja chake shingoni, kisha akamkamata Bi Mize mkono akaanza kumvuta.

"Mwache mke wangu!" Mzee Faki alipiga ukelele. "Mgonjwa huyo! Asishtuliwe!"

"Baba Khatibu, hebu simu yako itutafsirie."

"Haina mtandao huku."

Bi Mize alilitazama bakuli tupu mkononi mwa yule mwanamke, akamtazama na usoni. Moyo ule uliopasuliwa ulikuwa unapiga mbio, lakini kichwa chake kilikuwa kimetulia.

"Sikiliza, mume wangu. Huyu ana tini tele, nimeziona kwa macho yangu. Mtu asiye na kitu angerudisha bakuli tupu kama yule Mholanzi. Mtu mwenye tini akaziacha, akaja kilima chote na maji, huyo ana neno."

"Neno lenyewe ni ondokeni!"

"Basi tuondoke."

"Haiwezekani! Mahali hapa nimepatafuta msimu mzima. Kwa ajili yako! Tambarare, kimya, hakuna mtu. Leo nipaache kwa sababu bibi wa watu ana kisirani?"

"Mimi nakwenda naye," alisema Bi Mize, akavaa viatu.

Mzee Faki hakuamini. Maisha yao yote ya ndoa mwanamke huyu hakuwahi kumwacha katikati ya ubishi akaondoka. Aliketi ndani ya gari lake, mikono kifuani, akajilazimisha kunywa chai. Atachoka atarudi, alijiambia. Dirishani aliwaona wanapanda, vikongwe wawili wameshikana, kila mmoja anamvuta mwenzake. Kisha akamwona Bi Mize amesimama, amejishika kifua.

Chai ikamshinda. Alitoka mbio, akauacha mlango wazi. Hakutoka kwa sababu ameamini neno lolote la yule bibi. Alitoka kwa sababu alimwona tena, akilini mwake, kwenye kitanda cha hospitali.

"Mize!" aliita kutoka chini ya kilima. "Mize, rudi! Utajiua! Rudi nimekwambia!"

Kwa sauti ile Bi Mize alikuwa ametii tangu alipokuwa mwari. Akageuka. Akaanza kushuka.

Yule bibi akamzuia njia. Akamshika mabega yote mawili, akapiga kelele usoni kwake, na machozi yakamtoka. Bi Mize alisimama katikati ya mume wake na mwanamke asiyemjua hata jina, asijue amfuate nani.

"Baba Khatibu," aliita kwa sauti ndogo, "nifuate wewe. Njoo unichukue huku."

Mzee Faki akapanda kwa hasira. Alipanda ili amshike mkono amrudishe chini. Akafika, akaunyoosha mkono, na ndipo aliposikia.

Mwanzo alidhani ni malori yanamwaga mawe. Akageuka. Kwenye kona ya vilima, kule ambako hakukuwa na tone la maji, kulitokea ukuta wa maji ya tope, umebeba magogo, mawe na matete. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani kwenye weusi, na uwanda ule mzuri, tambarare, kimya, ulikuwa ndiyo njia ya mto unaokauka mwaka mzima na kurudi kwa siku moja. Maji yakalizoa gari-nyumba, yakaligeuza ubavu, yakaenda nalo baharini na kitanda chake na jiko lake na kikombe cha chai.

 Mzee Faki aliketi chini, akamkumbatia mkewe magoti, akalia bila kuficha.

"Nilikuita urudi," alirudia. "Mize wangu, nilikuita urudi chini."

"Lakini ulipanda," Bi Mize alisema, akampapasa kichwa.

Pale juu kibarazani simu ya Mzee Faki, iliyokuwa mfukoni mwake, ilishika mtandao. Bibi alikuwa anaitwa Encarna. Mzee Faki alisema na simu, simu ikasema Kihispania, naye bibi akajibu hivyo hivyo. Alipokwisha kushukuru mpaka maneno yakamwishia, likamtoka swali lililokuwa linamkera.

"Bibi, ulijua tangu mapema. Kwa nini hukutuambia tulipofika tu?"

Bi Encarna alimtazama kwa mshangao.

"Niliwaambia. Nilisimama hapa nikakupungia mkono utoke. Nawe ukanipungia."

Mzee Faki akainamisha macho.

"Wote hupunga," bibi aliendelea, bila hasira. "Wanakuja na magari yao, wanakaa pale, napunga mpaka bega linauma, nao wananicheka na kunipungia. Zamani nilikuwa nashuka. Mmoja alinifungulia mbwa, mwingine alidhani nauza kitu. Nikaacha. Sasa napunga tu na kuomba dua."

"Basi leo mbona ulishuka?"

Akamnyooshea Bi Mize kidevu.

"Huyu alinigongea mlango. Nimekula chakula chake, na bakuli si langu. Hata kwetu halirudi tupu. Nilitaka kulijaza tini, nikasema nikipeleka tini watakula watakaa. Nikatia maji."

Kisha akainuka, akaenda mtinini. Alirudi na lile bakuli la maua ya buluu, kitu pekee kilichobaki katika mali yao yote ya safari zaidi ya ile simu, limejaa tini mpaka zinaanguka. Akampa mwenyewe, Bi Mize.

Wazee wale walimaliza safari mwaka uliofuata, kwa gari jingine, la kukodi. Mzee Faki bado anapanga mahali pa kulala mapema, bado anapima na kikombe cha chai. Ila akishaegesha siku hizi hapungi mkono. Anachukua bakuli mwenyewe, anamwacha Bi Mize akimcheka dirishani, anakwenda kugonga mlango wa jirani kabla injini haijapoa.

Funzo: Ukifika ugenini usiridhike na salamu ya mbali, nenda mpaka mlangoni kwa mtu, kwa maana huenda unayedhani anakusalimia anakuomba uokoe roho yako.