Fulana Saba za Bibi Nanzia

Wa kwanza kuisimulia alikuwa Mbonea, kinyozi wa Kirongwe, milimani Upareni, mwezi wa nane mwaka 1996, mbele ya watu waliokuwa wakipukuchua mahindi. Alisema yeye aliigusa hadithi hii mara moja tu, kwa mkono mmoja. Mengine yote aliambiwa na Nakiete.

Bibi Nanzia aliishi na wajukuu watatu wa kike. Elisifa alikuwa na jicho: akikutazama unapita njiani, anajua upana wa mabega yako. Nakiete alikuwa na rangi: alijua ganda gani, jani gani na mzizi gani utatoa nini ukichemshwa. Namkunda alikuwa na mkono: mshono wake ulinyooka kama mstari wa daftari.

Wote walikuwa wamemaliza shule, wote hawana kazi. Shangazi yao mwenye mgahawa mjini alikuwa ameandika kwamba Jumapili atakuja kuchukua wasichana wawili wa kuosha vyombo. Wawili waende, mmoja abaki na bibi.

Alhamisi asubuhi ikaja barua nyingine. Timu ya mpira wa pete ya kijiji, ambayo bibi alikuwa mlezi wake, ilitakiwa uwanjani Jumamosi saa nne. Wenyeji watavaa nyeupe. Timu isiyo na sare, au yenye sare nyeupe, haitacheza.

Bibi akafungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe cha pamba, kile laini cha kushonea fulana. Kisha akaweka mkono juu ya cherehani yake.

"Macho yangu yamechoka," akasema. "Wachezaji saba wakivaa fulana Jumamosi, cherehani hii ni ya yule aliyezifanya zivaliwe. Na mwenye cherehani haendi kuosha masufuria ya mtu."

Nakiete akaitazama cherehani. Akawatazama wenzake. Nao walikuwa wakimtazama.

Namkunda akachukua mkasi palepale. "Tunakata, tunashona, halafu tunatia rangi."

"Weka chini," akasema Elisifa.

"Wewe nani?"

"Weka chini, dada." Elisifa akachana kipande kidogo, akakipima kwa vidole, akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kilipotoka kilikuwa kimesinyaa vidole viwili. "Ungeshona leo, Jumamosi ungewavalisha wanasesere."

Basi rangi ikatangulia. Na kitambaa kilipokauka kesho yake kilitosha fulana sita tu. Elisifa alikipanga na kukipangua sakafuni, akageuza kifua huku na mgongo kule, akaunga mikono kwa vipande vilivyobaki, hadi ya saba ikapatikana. Kilichobaki kingeweza kufunga kidole.

Lakini kabla ya hapo, siku ile ile ya Alhamisi, Nakiete naye alikuwa ametoka jasho lake. Alijaza sufuria maganda ya vitunguu, akachemsha hadi maji yakawa kama chai ya rangi. Akatumbukiza kipande cha kujaribia, kikatoka kizuri. Akakisuuza. Rangi yote ikaondoka na maji.

"Hongera," akasema Namkunda mlangoni. "Umetupikia mchuzi."

Nakiete akakikamua kipande. Alijua kilichokosekana: shabu, ya kuifanya rangi ishike. Maduka yote mawili ya Kirongwe hayakuwa nayo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka la pili, akikaribia kulia, alipomwona Mbonea ng'ambo akimpaka mteja kidevuni jiwe jeupe, ili damu ya wembe ikome. Akavuka mbio.

"Baba, hilo jiwe ni shabu?"

"Ni shabu. Umejikata wapi?"

"Nipe yote uliyo nayo."

"Na nikimkata huyu tena?"

"Usimkate," akasema Nakiete, na mteja akacheka kwa tahadhari. Mbonea akampa mawe matatu. Jioni hiyo kitambaa kilisuuzwa mara nne, na mara zote nne kikabaki na rangi ya papai lililoiva.

Ikawa zamu ya Namkunda. Ijumaa alasiri alishona fulana tano bila kuinua kichwa. Kwenye ya sita sindano ya cherehani ikavunjika, na nyingine haikuwepo. Elisifa akakaa chini. Nakiete akajishika kichwa.

"Msinililie," akasema Namkunda. "Nileteeni sindano ya mkono."

Mshono wa mkono kwenye kitambaa kinachovutika hukatika mtu anapoingiza kichwa. Namkunda akarudisha sindano nyuma kila hatua, akivuta kitambaa, akilegeza uzi. Alianza tena Jumamosi kulipopambazuka. Kwenye fulana ya saba vidole vilikuwa vimechubuka, na gari la timu lilikuwa likipiga honi barabarani. Akafunga fundo la mwisho, lakini hakuweza kushika mkasi.

Nakiete akainama, akakata uzi kwa meno.

Wote wakamtazama. Kwa maana katika nyumba ile kulikuwa na desturi ya tangu mama yake bibi: mkata uzi wa mwisho ndiye fundi wa nguo.

"Umefanya kusudi," akasema Namkunda.

"Gari lilikuwa linaondoka!"

"Meno si kazi, Nakiete."

Nakiete alitaka kuapa kwamba hakukumbuka desturi. Alifungua mdomo, akaona hana hakika.

Timu ilivaa, ikacheza, ikafungwa kwa magoli mawili. Jumapili shangazi alifika, mizigo mitatu ikiwa mlangoni, maana hakuna aliyejua ni upi utakaorudi ndani. Bibi Nanzia akasimama kando ya cherehani, akawaangalia mmoja mmoja.

Hapo ndipo Mbonea aliishia, akaendelea kupukuchua mahindi.

Bila jicho la Elisifa, fulana zingekuwa za wanasesere. Bila shabu ya Nakiete, zingekuwa nyeupe. Bila vidole vya Namkunda, zingekuwa tano. Na uzi wa mwisho ulikatwa na Nakiete, kwa meno. Je, ungekuwa wewe umesimama pale, mzigo wa nani ungeurudisha ndani?

Jibu kwa uangalifu. Bibi Nanzia amefariki, shangazi amefariki, Mbonea naye tulimzika. Lakini Elisifa, Nakiete na Namkunda wako hai wote watatu, na huenda mmoja wao anakusikiliza.