Mabati ya Kijivu Aliyowanyima Jirani

Wanangu, kulikuwa na mama mmoja mwenye jengo la maduka pale sokoni, la zamani, limeezekwa mabati mazito ya kijivu. Mama yule alisifika kwa kutoa. Umeishiwa chumvi, kwake. Umefiwa, sufuria zinazopika ni zake. Na sifa ile aliipenda, tusimfichie.

Paa likaanza kumeguka. Fundi akalitazama, akagoma kupanda. "Mama, hili nadhani ni asbestosi. Likapimwe kwanza."

Kipande kikalowanishwa, kikafungwa, kikapelekwa. Jibu likarudi: ndiyo yenyewe. Ukiivunja kavu, vumbi lake unalivuta leo, kifua kinakudai uzeeni. Dari ya ndani, nayo ya asbestosi, kwa kuwa ilikuwa nzima, wakaipaka rangi na kuitia alama asije mtu akaitoboa. Paa likamwagiwa maji, likateremshwa taratibu.

Si mnajua desturi yetu? Anayeezeka upya hugawa ya zamani. Jirani wakajaa.

"Shoga, mawili tu, ya banda la kuku."

"Hata moja."

Akaja dada yake wa tumbo moja, ambaye jiko lake lilikuwa linavuja. "Yaani unakwenda kuyafukia, na wanangu wanalowa?"

"Nakwenda kuyafukia."

"Umekuwa mchoyo, dada."

"Liseme kwa sauti, na wa kule nyuma wasikie."

Mabati yakafungwa kwenye nailoni, yakapelekwa kwenye shimo lililoruhusiwa. Soko zima likamsema. Sifa ya miaka yote, kwisha.

Kesho yake dada mtu akasikia nyundo juu ya jiko lake. Mabati mapya, yanang'aa. Yalikuwa yaezeke duka la mwisho la jengo la yule mama. Duka lenyewe likabaki na turubai.

"Si ungenipa yale ya bure?" dada akauliza.

"Yale nimeyakataa juu ya kichwa changu. Niyaweke juu ya vichwa vya wanao?"

Akatembea sokoni kichwa juu, na aliyetaka kumwita mchoyo akamwita.

Mwanamke wa namna ile ningejivunia kumwita binti yangu. Lakini sisi je? Nguo tunazoona aibu kuzivaa, si ndizo tunazoleta hapa tukaziita sadaka? Na ule ugomvi wa mashamba, uliowamaliza baba zetu, tumeufukia wapi? Hatukuufukia, wanangu. Tumewaezekea watoto, na sasa hivi wamelala chini yake.