Mtani Aliyeiba Bibi Harusi

Nianze? Semeni, "Anza!" Nisianze? Semeni, "Anza!" Haya. Nawe acha kumfinya mwenzako, nakuona.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji wa Kitopeni, chini kabisa, mchangani. Watani wao walikuwa watu wa Somangwe. Mnaujua utani, wajukuu zangu? Mtani akikutukana, unacheka. Akikwambia nyumba yako inaungua, unamuuliza kama amekuja na mihogo ya kuchoma.

Basi siku ya harusi ya Asumini, binti wa Mzee Chande, akatokea Bi Somoe wa Somangwe, anahema.

"Mzee Chande, kimbunga kinakuja! Kwetu tumeshahama. Hamisha watu!"

Mzee Chande akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Karibu, mtani! Mpeni pilau huyu, njaa inamsemesha!"

"Sitanii! Bahari ina joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Mawimbi ni makubwa na upepo ni mdogo. Nani anayasukuma?"

"Wewe, kwa mdomo wako!" Watu hoi kwa kicheko.

Sikilizeni sasa. Bahari ikipata joto siku nyingi, mvuke unapanda, unapanda. Hewa ya pande zote inakimbilia kuijaza nafasi iliyoachwa chini. Lakini dunia inazunguka, kwa hiyo hewa ile haiji moja kwa moja. Inapinda, inazunguka, inazunguka, na kadiri inavyokunywa joto la bahari ndivyo inavyopata nguvu. Hicho ndicho kimbunga.

Bi Somoe alikijua. Asubuhi aliupa upepo mgongo, akanyoosha mkono wa kulia, maana kwa pwani zetu hizi, kitovu cha kimbunga kiko upande huo. Adhuhuri akanyoosha tena. Kingekuwa kinapita kando, mkono ungehama. Haukuhama, na upepo ulikuwa umeongezeka. Kinakuja hapa hapa.

Moyo ulimuuma, jamani. Alie? Wangesema mtani anajua kuigiza. Basi akamshika Asumini mkono, akakimbia naye.

"Mtani kaiba bibi harusi!"

Vigelegele! Ngoma! Watu mbio nyuma yao, mlimani, mpaka mlangoni pa pango kubwa. Mfaume, bwana harusi, akafika akitweta. "Tumkomboe kwa nini, mtani? Mbuzi? Nguo?"

"Nataka Kitopeni nzima humu pangoni. Vikongwe mbebeni, wagonjwa mbebeni. Akikosekana hata mmoja, bibi harusi humpati!"

Na fidia ya mtani hailipwi nusu. Wakacheka, wakabeba. Wa mwisho alikuwa mama yake Mzee Chande, juu ya kitanda cha kamba, akilalamika njia nzima.

Kisha kimbunga kikafika. Kikavuma, kikavuma, kikang'oa, kikabeba. Pangoni hakucheka mtu.

Mara kimya. Jua likatoka. Mfaume akainuka. "Kimekwisha. Nakwenda kuitazama nyumba yetu."

"Nenda," Bi Somoe akasema. "Hapa ni katikati yake tu, upepo utarudi kwa upande wa pili. Asumini nitamwoza ndugu yangu. Hana meno, lakini anasikia."

Mfaume akaketi. Na upepo ukarudi, tena mkali kuliko wa kwanza.

Ulipotulia, Kitopeni haikuwapo. Hakukusalia hata nguzo. Watu walilia, kwa nini wasilie? Mzee Chande akaanza kuita majina, nyumba kwa nyumba. Kila jina aliloita, mtu aliitika. Mpaka la mwisho.

"Mtani," akasema, machozi yanamtiririka mbele za watu, "tulikucheka."

"Na kesho mtanicheka tena. Sasa inukeni, miti ya kujengea imelala chini, imeshakatwa."

Wakajenga juu zaidi, na harusi wakaimaliza.

Leo, wajukuu zangu, wapo watu wanaokitazama kimbunga kwa mitambo iliyo juu angani, wakapima joto la bahari, wakatangaza redioni kingali mbali. Mkisikia, msianze kumpima aliyesema. Inukeni, mbebeni bibi yenu, pandeni. Kucheka mtacheka mkishafika juu, wote.

Nimewapa chote, sikubakiza. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka amwachie mwenzake.