Bibi Aliyekagua Masikio

Wapendwa, kaeni vizuri, habari yenyewe si ndefu. Na msianze kugeukageuka kutafuta ni nyumba ya nani. Nimeitunga mwenyewe jana nikipalilia maharage, kwa hiyo ikikugusa, si mimi niliyekusema.

Kulikuwa na mama mmoja aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mumewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, kwa hiyo aliyemtunza mzazi alikuwa mama mkwe. Na alimtunza, tusimwonee. Mtori wa moto asubuhi, uji mchana, maji ya kuoga tayari kabla hayajaombwa. Huyu mama mkwe alikuwa mtu mwema. Naomba mlishike hilo, maana baada ya muda mfupi mtamkasirikia.

Sasa, mnajua wenyewe kichanga akifika nyumbani wageni hufanya nini. Wanatoa hongera, wanakaa, wanampokea mtoto, halafu? Halafu wanainua kofia na kutazama masikio. Msicheke, nawajua. Tunasema mtoto huzaliwa mweupe kisha hukolea, na ukitaka kujua atakolea mpaka wapi, tazama ncha za masikio. Basi bibi alikuwa wa kwanza kukagua. Akatazama upande huu, akatazama na upande ule, akafunika. Masikio yalikuwa meusi tii.

"Kamfuata mama yake," akawaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mama yake mtoto alikuwa kitandani palepale, akasikia. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa amesikia mengi ya namna hiyo. Kwamba kijana mzuri vile alikosaje mweupe. Kwamba taa ikizimika, itabidi acheke ili aonekane alipo. Alikuwa amezoea kucheka pamoja na wanaomcheka, ili yaishe.

Siku ya tatu mambo yakageuka. Bibi alipomtoa mtoto kwenye beseni aliona rangi imebadilika. Uso umeng'aa, kifua kimeng'aa, ngozi ina umanjano wa kupendeza. Akamwita jirani, jirani akamwita mwenzake.

"Masikio yametudanganya," bibi akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Huyu anatoka mweupe." Akatundika kanga mbili dirishani ili jua lisije likamharibu.

Mama wa mtoto hakufurahi. Alimwinua mwanawe, akamtazama macho, akaona pale panapotakiwa kuwa peupe pamekuwa manjano.

"Mama," akasema, "macho ya mtoto si mazuri. Na leo hanyonyi, analala tu. Nesi alituambia tukiona umanjano turudi."

"Analala kwa sababu ni mpole. Watoto weupe ni wapole."

"Basi tumpeleke tu, Mama, wamwangalie."

Bibi akaweka beseni chini. "Mwanangu, nikuulize jambo, usikasirike. Huyu mtoto kukuzidi rangi kunakuuma?"

Ndugu zangu, ninyi mngejibu nini? Akisema ndiyo, amejimaliza. Akisema hapana, nani atamwamini? Akamchukua mwanawe, akarudi kitandani. Siku nzima alikuwa akikamua maziwa kwenye kijiko na kumdondoshea mtoto mdomoni. Wageni waliendelea kuingia, na kila aliyeingia alimsifia mtoto. Hapa ndipo ninapoumia mimi. Nyumba imejaa wanawake wazima, mtu kalea sita, mtu kalea wanane, na mtoto anazidi kuishiwa nguvu mikononi mwao huku wakipongezana.

Kesho yake asubuhi mama alimkuna nyayo, mtoto hakuamka. Akamfinya kidogo, hakulia. Hapo hakuomba ruhusa tena. Alijifunga kanga, akambeba, akatoka nje ya nyumba wakati siku arobaini hazijafika hata tano. Bibi alimfuata nyuma akihema na mwavuli mkononi. Mnajua alikuwa anasema nini njiani? Alikuwa anasema, "Mfunike uso, jua kali."

Hospitalini nesi alimfunua mtoto kope, na hata salamu akasahau.

"Macho yamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi," mama akajibu.

"Na nyumbani anayemwogesha ni nani?"

"Ni mimi," bibi akasema.

"Sasa bibi, hukuyaona?"

Bibi akasema kweli, kwa shida. "Macho sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia masikio."

Mtoto akalazwa chini ya taa za kutibu umanjano, amefungwa kitambaa machoni. Nesi aliwaambia waziwazi kwamba ugonjwa ule ukizidi hufika kwenye ubongo, na kwamba wangengoja siku moja zaidi asingekuwa na la kuwaambia. Hata siku hiyo hakuwaahidi kitu. Wakakaa kwenye benchi nje ya wodi, mama mkwe na mkwe wake, kila mtu na lake moyoni.

Kisha bibi akasema, "Mwanangu, mimi nilipoletwa kwa wakwe zangu waliniita Masizi. Kwa jina langu sikuitwa mpaka nilipozaa mtoto wa tatu. Nilitaka mmoja tu katika ukoo huu asiyapate yale."

Mnashangaa nini? Sikuwaambia bibi alikuwa na rangi gani, wala ninyi hamkuniuliza. Mlidhani ni mweupe, ndiyo maana anawadharau weusi. Alikuwa mweusi kuliko mkwe wake.

"Na mimi, Mama?" mkwe akauliza polepole. "Mimi hukutaka niyaepuke?"

Bibi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini. Yule mkwe angeweza kusema mengi pale, na angekuwa na haki. Lakini upepo wa korido ulikuwa wa baridi, akafungua kanga aliyojifunika, akamsogezea bibi nusu yake.

Wakakaa hivyo. Siku ya kwanza ikapita hawajui. Siku ya pili, mchana, nesi akatoka, na bibi akainuka haraka akamshika mkono. Sikilizeni alivyouliza bibi huyu, huyuhuyu aliyetundika kanga dirishani.

"Nesi, samahani. Mtoto ameanza kurudi kuwa mweusi?"

"Anarudi, bibi," nesi akasema. "Uso umesharudi, na kifua kimeanza. Tena amelilia ziwa."

Bibi akakaa sakafuni mbele ya watu, akalia. Alimshukuru Mungu kwa weusi wa uso, akamshukuru kwa weusi wa kifua, akaomba na wa tumbo uje upesi. Kitu alichokuwa akikiombea kiondoke ndicho alichokuwa akikilia kirudi. Uzuri walioitiana majirani kuja kuuona ulikuwa ugonjwa, na ile rangi aliyoiombea radhi kwa wageni ilikuwa afya ya mjukuu wake.

Sasa tuje kwetu. Yule bibi chuki ile aliitoa wapi? Hakuzaliwa nayo. Waliomwita Masizi walikuwa wanatania, basi. Si ndivyo tunavyosema na sisi? Tunatania. Tunachagua wasimamizi wa harusi kwa weupe, tunatania. Dada zetu wanajiunguza uso kwa mkorogo ili wapendwe na sisi, na sisi tunasema wamependeza. Mgeni mweupe akiingia humu kanisani tunamtafutia kiti cha mbele kabla hatujamwuliza jina, na mgeni mweusi aliyetoka mbali kuliko yeye anasimama mlangoni na mzigo wake. Na wala tusijifanye kwamba sisi ndio tunaoonewa tu. Mwenye duka akiwa Mhindi, tumeshajua ni bahili kabla hajatupimia sukari. Yule kijana mwenye ualbino anayekaa benchi la nyuma, ni wangapi tumewahi kumpa mkono? Tukimwona mtu tunakagua ngozi, tukimaliza tunasema tumemjua.

Mimi simsemi bibi. Bibi wa watu alikuwa amejeruhiwa, na aliyejeruhiwa asipotibiwa humjeruhi wa karibu yake. Alichofanya alikifanya kwa mapenzi, ndiyo maana kinatisha. Tunaweza kumpenda mtoto na karibu tumwue.

Lakini kuna jambo moja msiliache hapa mkaenda. Katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja aliyejua ukweli tangu siku ya tatu. Aliusema, tena kwa heshima, tena mara mbili. Kwa nini hakusikilizwa? Si kwa sababu alikuwa mgeni wa kulea, maana hawakumwuliza anajua nini. Ni kwa sababu alikuwa mweusi, na wote waliokuwamo walikuwa wameshakubaliana kwamba mweusi akisema neno juu ya mweupe, ni wivu.

Nawe una mtu kama huyo. Ni mkwe wako, au msaidizi wako wa nyumbani, au mwenzako kazini. Ameshakuambia mara mbili, na mara zote mbili ulimtazama rangi ukaacha kusikia. Leo ukitoka hapa, kabla hujala chakula cha mchana, mtafute umwambie, "Rudia lile neno uliloniambia." Kisha nyamaza, aseme mpaka amalize.