Mshale wa Rosalie

Jumamosi alasiri, mvua ilipokuwa ikiyapiga mabati ya mtaa wa Kadutu hadi watu wakasemezana kwa kupaza sauti, vijana watatu hawakuwa Bukavu. Miili yao ilikuwa sebuleni kwa mama yake Donatien, lakini roho zao zilitangatanga Ulaya ya kale, nchi ya ngome, panga na watu waliovaa chuma toka utosini hadi unyayoni.

Mchezo huo waliachiwa na mwalimu Mbelgiji wa Kilatini mkataba wake ulipokwisha. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake. Alieleza shujaa anatenda nini, kisha dadu ikaamua kama pigo limempata adui au limekwenda kombo. Kitabu cha sheria kilipoharibika kwa unyevu, walikubaliana kutunga sheria zao. Kazi hiyo walimpa Donatien, ambaye serikali ya Zaire ilimfutia jina la ubatizo kama raia wote, lakini rafiki zake hawakulifuta midomoni mwao. Yeye ndiye aliyepima nguvu za kila silaha: upanga unaumiza kiasi gani, mkuki unafika wapi, deraya, lile vazi la chuma, inazuia nini. Wenzake wawili, Constantin na Rosalie, walimwamini kama padri wa parokia.

Shujaa wa Donatien alivaa deraya nzito. Wa Rosalie alikuwa binti mpiga upinde, asiye na chuma mwilini, aliyemsaka bwana wa ngome aliyemuua baba yake. Tangu mvua za kwanza Rosalie alimwongoza binti huyo misituni na mitoni kwa subira ya mwindaji. Donatien alimtazama akitikisa dadu viganjani huku akijing'ata mdomo, na moyo wake ukayeyuka kama siagi juani. Hakuwahi kumwambia neno.

Ndipo Rosalie akapata kazi ya ualimu Luvungi, huko uwandani Ruzizi. Jumamosi iliyofuata ingekuwa ya mwisho.

Donatien alitamani akumbukwe. Kabla wenzake hawajafika, alitunga sheria mpya: mshale hautoboi deraya, hata ukipigwa kwa karibu namna gani. Alitaka binti akwame mbele ya adui, shujaa wake aje kumwokoa, na Rosalie ateremke Luvungi akimfikiria yeye.

Mambo yakaenda kama alivyopanga. Binti alimkuta bwana wa ngome ukumbini, amevaa deraya, akavuta upinde. Rosalie akarusha dadu, ikatua kwenye namba ya juu kabisa. Constantin alikwisha kuanza kupiga makofi Donatien alipokohoa na kuwasomea sheria. Kisha akarusha dadu yake, na upanga wa shujaa wake ukammaliza adui.

Rosalie aliiokota dadu yake mezani.

"Donatien," akasema, "ile loi, ile sheria yako, uliiandika juu ya nani?"

"Juu ya bote. Chuma iko chuma. Mushale haiwezi kuingia."

"Tangu mvua ilianza, nilikuwa nangojea ule mushale tu."

Hakugomba. Alimshukuru mama wa nyumba kwa chai, akawaaga, akaenda kufunga mizigo. Donatien akabaki akikusanya vikombe, na maneno ya mapenzi aliyoyaandaa hayakusemwa.

Jumamosi zilizofuata Constantin alikuwa na udhuru kila mara. Peke yake mezani, Donatien alizipanga upya sheria zote: deraya humchosha anayeivaa, nayo mishale ya karibu huitoboa. Sasa kila silaha ilikuwa na haki yake. Wa kuzishika hakuwapo.

Likizo ya Pasaka alipanda lori, akateremka milima hadi Luvungi. Rosalie alimpokea kwa furaha, akamwandalia wali na samaki, akamsimulia habari za wanafunzi wake. Donatien alimweleza sheria mpya, akamsihi arushe tena ule mshale.

Rosalie alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa mbali.

"Hii loi iko muzuri. Lakini yule mutu alishakufa, Donatien. Ni weye ulimuua."

Donatien alirudi Bukavu juu ya magunia ya mpunga, akiutazama uwanda ukizama nyuma yake, na lile neno lake bado halijasemwa. Alikuwa amekabidhiwa ngoma ya watu watatu aiwambe. Aliivuta hadi ikapasuka, akabaki na kipande cha ngozi mkononi. Kweli, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.