Siku Bi Tufaha Alipopiga Pembe

"La mgambo likilia, kuna jambo." Methali hii ilianza hivi, na wewe Tatu weka hiyo simu chini, maana umeuliza mwenyewe na mimi sirudii.

Zamani, katika mji wa Mtondooni, mgambo ulikuwa wito wa kuwakusanya watu wote. Pembe ya nyati iligongwa kwa kijiti, na ikilia, mtu aliacha alichoshika akaenda. Si kama siku hizi, kila anayetaka kutazamwa anatupigia makelele. Pembe ilikaa kwa mzee Mwinyikombo, mpigaji wake, na masharti yake yalikuwa mawili: isilie bila amri ya Jumbe, mkuu wa mji, wala isilie kwa jambo la mtu mmoja. Mwinyikombo aliyashika hayo kama sala. Bi Tufaha, mfinyanzi jirani yake, alipoibiwa mbuzi wake wa pekee, alimwendea akilia. Akajibiwa kwamba mgambo si wa mbuzi wa mtu mmoja. Bibi wa watu akarudi zake, na tangu hapo salamu yao ikawa ya mdomoni tu.

Basi alasiri moja Mize, mjukuu yatima aliyelelewa na Mwinyikombo, alikwenda kuokota chaza kwenye mikoko asirudi, na maji yameshaanza kujaa. Babu akatoka, akarudi, akatoka tena, akauliza nyumba hii na ile. Kila akirudi aliitazama pembe ukutani. Jumbe alikuwa shambani kwake. Tena hili lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Mwishowe alimkuta Bi Tufaha uani, akamwambia Mize haonekani, kisha yeye akakimbilia mikokoni peke yake, akiita mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo akaisikia pembe. Iligongwa ovyo, kwa mkono usioijua, wala haikunyamaza. Mara watu hao wanakuja, huyu na mwiko mkononi, yule kanyolewa nusu kichwa, na mbele yao Bi Tufaha, udongo umemkaukia vidoleni, pembe kwapani. Hata Jumbe alifika anahema, akaingia matopeni na wenzake. Aliyemwona Mize ni yule wa nusu kichwa. Mtoto alikuwa kakumbatia tawi, maji yamemfika kifuani, na kikapu cha chaza hajakiachia.

Walipofika ufukoni Jumbe akakumbuka kwamba yeye ndiye Jumbe.

"Nani kaipiga?"

"Mimi," akasema Bi Tufaha.

"Kwa amri ya nani? Na kwa la nani?"

Watu wakatazamana. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa mjini, na kila mtu aliijua. Mwinyikombo alikuwa kampakata mjukuu wake.

"Jumbe, akifukuzwa huyu, nami nafungasha," akasema. "Aliponijia na la mbuzi wake, nilimwambia ni la mtu mmoja."

Bi Tufaha hakumgeukia. Alimwambia Jumbe, kwa adabu zote, "Bwana, tazama miguu yetu. La mtu mmoja lingetutia tope sote?"

Jumbe akainamisha macho. Miguu yote ilikuwa na tope hadi magotini, na yake ilikuwa na kiatu kimoja. Kisha akasema wakamkaushe mtoto, wasije wakamwokoa na maji wakamwua kwa baridi.

Asubuhi yake pembe ililia tena. Safari hii iligongwa vizuri, kwa mkono wa Mwinyikombo mwenyewe. Watu wakaja mbio uwanjani kuuliza kuna nini.

"Mbuzi wa Bi Tufaha," akasema Mwinyikombo.

Mbuzi mwenyewe alikuwa keshaliwa zamani, na hapakuwa na asiyejua. Lakini hakuna aliyecheka. Jumbe alikunja kanzu yake, akashika njia ya vichakani, na mji mzima ukamfuata kumtafuta mbuzi. Bi Tufaha alibaki mlangoni kwake, akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyoibiwa. Mtoto mmoja aliyechelewa akauliza wanakokwenda, naye mama yake akamvuta mkono: twende tu, la mgambo likilia, kuna jambo.